Kulipia Safari ya Kujifunza Lugha: Pima Kabla ya Kutoa Fedha

Ndugu mlaji, huenda tangazo la aina hii limekwisha kukufikia kwa simu au kwa mdomo wa jamaa: nenda ukaishi wiki nne katika nchi ya watu, kaa nyumbani kwa wenyeji, nawe utarudi Sumbawanga ukizungumza lugha yao bila kusita. Lugha inayonadiwa yaweza kuwa Kiingereza, Kifaransa au Kihispania. Bei hutajwa kwa jumla, na mara nyingi huambatana na onyo kwamba nafasi zimebaki chache.

Katika makala haya hatumzuii mtu kusafiri. Tunataka ajue anachonunua. Anayelipia safari ya namna hii hanunui nchi wala mji. Ananunua saa za kuzungumza na watu. Saa hizo zisipokuwapo, fedha za familia zitakuwa zimelipia nauli na malazi tu.

Njia yenyewe ni ya kweli

Kujifunza lugha kwa kuishi na wenye lugha ni njia ya zamani, na Ufipa inao ushahidi wake. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadre Weupe mwaka 1868, aliwaagiza wamisionari wake wazungumze lugha ya watu wanaoishi nao. Wamisionari hao walishika kituo cha Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na baadaye wakaenea katika nyanda za juu za Ufipa. Katika miaka ya 1960, mwanaanthropolojia Roy Willis kutoka Uingereza aliishi miongoni mwa Wafipa, na mwaka 1978 kilichapishwa kitabu chake kuhusu fasihi simulizi yao.

Hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Mwalimu au mganga aliyehamishiwa kijiji cha Nkasi au Kalambo bila kujua neno la Kifipa, baada ya miaka michache huwasalimu wazee kwa lugha yao na kuelewa mzaha wao.

Hata hivyo, mlaji aangalie kilichowafundisha watu hao. Walikaa miaka, si wiki. Tena kila siku walikuwa na haja ya kweli ya kusema: kununua chakula, kufundisha, kuuguza, kusuluhisha. Safari inayouzwa kwenu ipimwe kwa mambo hayo mawili, yaani muda na haja ya kusema.

Jina la nchi halitoshi

Kosa la kwanza la walaji ni kudhani kwamba lugha rasmi ya nchi ndiyo watakayoisikia mitaani. Mifano ya jirani yatosha kuonyesha sivyo.

Mzazi wa Sumbawanga aweza kumpeleka kijana wake Mbala, ng'ambo ya mpaka wa Kasesya, ili ajifunze Kiingereza, kwa kuwa ndicho lugha rasmi ya Zambia. Ni kweli kwamba Kiingereza hutumika ofisini na madarasani. Lakini sokoni na majumbani kijana atasikia zaidi Kimambwe, Kilungu na Kibemba. Akiwa Mfipa, ataelewa mengi mapema, kwa sababu Kifipa, Kilungu na Kimambwe ni lugha ndugu. Hiyo ni faida njema, lakini siyo aliyoilipia mzazi.

Anayevuka Ziwa Tanganyika kwenda Moba au Kalemie kutafuta Kifaransa atakutana na jambo kama hilo. Kifaransa ni lugha rasmi ya Kongo, lakini upande ule wa mashariki lugha ya kila siku ya watu wengi ni Kiswahili. Mgeni kutoka Kirando atajibiwa kwa Kiswahili, kwa lafudhi nyingine. Burundi nako, Kirundi ndiyo lugha ya karibu kila nyumba, na mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura unajulikana kwa wasemaji wake wa Kiswahili.

Hata huko mbali hali haibadiliki sana. Barcelona iko Hispania, lakini Kikatalani nacho ni lugha rasmi ya eneo hilo, na katika mitaa ya watalii mgeni anayebabaika hujibiwa upesi kwa Kiingereza. Barani Afrika, Kihispania ni lugha rasmi Guinea ya Ikweta, lakini huko pia familia nyingi zina lugha zao za nyumbani, kama vile Kifang na Kibubi.

Kwa hiyo usiulize tu, "Ni nchi gani?" Uliza, "Nitakaa katika nyumba ya nani, na nyumba hiyo huzungumza lugha gani wakati wa chakula cha jioni?"

Hesabu saa, usihesabu siku

Ahadi ya kuimudu lugha kwa mwezi mmoja hupimika kwa hesabu. Taasisi ya Marekani inayowafundisha wanadiplomasia wake lugha hukadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza huhitaji kati ya saa 600 na 750 za darasa ili akimudu Kihispania kikazi, na takriban saa 900 kwa Kiswahili. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili au Kifipa hesabu yaweza kuwa tofauti, lakini hakuna sababu ya kudhani kwamba itashuka hadi wiki nne.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtoa huduma wa kwanza anadai shilingi 2,400,000 kwa wiki nne, darasa saa 15 kwa wiki, na wanafunzi wote wanalala katika bweni moja. Hizo ni saa 60, yaani shilingi 40,000 kwa kila saa. Wa pili anadai shilingi 2,800,000 kwa wiki nne, darasa saa 20 kwa wiki, na kila mwanafunzi anakaa peke yake na familia inayozungumza naye angalau saa mbili kila siku. Hizo ni saa 80 za darasa na saa 56 za nyumbani, jumla saa 136. Kila saa inagharimu karibu shilingi 20,600. Aliyeonekana ghali ndiye nafuu.

Lakini hata saa 136 hazifiki robo ya saa 600. Mtoa huduma mkweli atakuambia kwamba kwa mwezi mmoja utaweza kusalimu, kununua, kuuliza njia na kujieleza kwa sentensi fupi. Ngazi zinazotumiwa na shule nyingi za lugha za Ulaya ni sita, kuanzia A1 ya chini kabisa hadi C2 ya juu kabisa. Mtake mtoa huduma aandike ngazi unayotarajiwa kufikia na jinsi itakavyopimwa. Neno "utazungumza vizuri" halina kipimo, na kwa hiyo huwezi kulidai.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

1. Saa za darasa ni ngapi kwa wiki, na darasa lina wanafunzi wangapi?
2. Nitakaa na familia au bwenini? Ikiwa ni familia, ni wageni wangapi wengine watakuwamo, na wangapi kati yao wanazungumza Kiswahili? Watanzania wanne katika chumba kimoja watazungumza Kiswahili, hata wawe Madrid.
3. Bei inajumuisha nini? Nauli, chakula, vitabu, ada ya mtihani na bima vitajwe kimoja kimoja.
4. Cheti kitatolewa na nani? Cheti cha mahudhurio kinaonyesha kwamba ulikuwapo tu. Diploma kama DELE ya Kihispania au DELF ya Kifaransa hupatikana kwa kufaulu mtihani, na mtihani huo una ada yake.
5. Nikilazimika kuahirisha au kurudi mapema kwa ugonjwa au msiba, nitarudishiwa kiasi gani na kwa muda gani?
6. Je, naweza kuzungumza kwa simu na familia itakayonipokea, au na mwanafunzi aliyetangulia?

Swali la mwisho halina gharama, nalo hufichua mengi. Asiyekuruhusu kuzungumza na mwenyeji wako kabla ya kulipa anakuuzia nyumba usiyoijua.

Malipo na nyaraka

Hakikisha kwamba kampuni imesajiliwa. Taarifa za usajili hutunzwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA. Lipa kwa jina la kampuni, si kwa namba ya simu ya mtu binafsi, na udai stakabadhi. Lipa kwa awamu kila inapowezekana, na sehemu kubwa ibaki hadi ruhusa ya kuingia nchi husika ipatikane. Usikubali mkataba ulioandikwa kwa lugha usiyoisoma: mtu anayekwenda kujifunza Kihispania hawezi kutarajiwa kutia saini mkataba wa Kihispania.

Maombi ya pasipoti yapelekwe Idara ya Uhamiaji, ambayo ina ofisi Sumbawanga. Malipo ya Serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba ya malipo. Anayekuambia umpe mkononi "ada ya Uhamiaji" mkataze na utoe taarifa. Ulize pia masharti ya nchi unayokwenda, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kumbuka kwamba ruhusa ya kutembelea si lazima iwe ruhusa ya kusoma, na kwa vyovyote si ruhusa ya kufanya kazi.

Lugha isiwe chambo

Hapa tunaomba wazazi na walezi wasome kwa makini. Ipo ahadi isiyodai fedha kabisa: "Mwache binti aje kwangu. Atanisaidia kazi ndogo ndogo za nyumbani, na lugha ataipata humo humo." Yaweza kutolewa na jamaa mwema. Yaweza pia kuwa mlango wa utumwa wa nyumbani katika nchi ambako binti hajui hata neno la kuomba msaada.

Kusaidia kuosha vyombo katika nyumba iliyokupokea ni adabu ya mgeni. Kufanya kazi kutwa bila ujira, kunyang'anywa pasipoti, kuzuiwa kutoka au kutumia simu, huko si kujifunza lugha. Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Binadamu ya mwaka 2008 inafanya kosa la jinai kumsafirisha mtu kwa hila ili atumikishwe. Ikiwa safari ina kazi ndani yake, iitwe kazi, iwe na mkataba wa kazi, na taarifa zake ziulizwe kwa mamlaka ya Serikali inayohusika na huduma za ajira. Kila msafiri abaki na pasipoti yake mwenyewe, nakala ibaki nyumbani, na familia ikubaliane naye siku na saa ya kupiga simu. Siku hiyo ikipita kimya, msingoje wiki.

Anza nyumbani

Mkulima wa Ufipa hufukia nyasi katika matuta yake mvua zinapokaribia kwisha, akaziacha zioze, na msimu unaofuata hupanda mahali penye rutuba. Lugha nayo hutaka kutanguliwa. Saa za ugenini ni ghali, na hasara kubwa ni kuzitumia kujifunza hesabu na salamu ambazo ungejifunza Sumbawanga kwa gharama ya daftari. Jipe miezi mitatu: nusu saa kila siku kwa kitabu, redio au programu ya simu, na mara moja kwa wiki uzungumze na mtu anayeijua lugha hiyo, awe mwalimu, mtawa au mfanyabiashara wa mpakani. Miezi mitatu ya nusu saa ni takriban saa 45. Ukiwa umeshindwa kuitunza nusu saa hiyo nyumbani, fikiri tena kama uko tayari kulipa mamilioni.

Ukifika, waombe wenyeji wako wakusahihishe, na usiwakimbilie Watanzania wenzako kila unapokwama. Aibu ya kukosea haitozwi fedha, na ndiyo sehemu ya huduma ambayo hakuna mtoa huduma awezaye kukufanyia.

Ukidanganywa

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha au kumdanganya mlaji kuhusu huduma anayouza. Tunza tangazo, ujumbe wa simu, mkataba na stakabadhi. Mwandikie kwanza mtoa huduma, ukieleza alichoahidi, alichotoa na unachodai. Asipojibu, peleka malalamiko Tume ya Ushindani. Palipo na utapeli wa fedha, toa taarifa polisi. Ukiwa nje ya nchi, wasiliana na ubalozi wa Tanzania. Tunazo balozi Lusaka, Bujumbura na Kinshasa, na namba yake iandike kwenye karatasi kabla hujaondoka, kwani simu huibwa na huisha chaji.

Lugha mpya ni mali isiyooza, na familia inayojinyima ili kijana wake aipate inastahili heshima. Kwa sababu hiyo hiyo inastahili kupewa ilichokilipia. Kabla hujatoa shilingi ya kwanza, mtake mtoa huduma akujibu kwa maandishi: nitazungumza na nani, kwa saa ngapi, na nitalindwaje? Akishindwa kujibu, fedha zako zibaki Sumbawanga.