Msaka vipaji haangalii goli: makinda wa hoki ya barafu wanavyochujwa

Tangu nihamie huku Ottawa, washkaji kibao wananiuliza swali moja: hawa vijana wa hoki ya barafu wanapatikanaje? Huku Kanada dogo wa miaka 15 anaandikwa magazetini kama vile kwetu anavyoandikwa straika wa Simba au Yanga. Nani kamwona, na kaona nini? Leo nimepata nafasi, ngoja nijibu.

Tuanze na kisa cha kweli. Matthew Schaefer ni beki wa Kanada. Alikuja kwenye mashindano ya dunia ya vijana chini ya miaka 20, yaliyofanyika hapahapa Ottawa kuanzia tarehe 26 Desemba 2024. Tarehe 27, mechi ya pili, dhidi ya Latvia, akajigonga kwenye nguzo ya goli na mtulinga ukavunjika. Mashindano yakawa yameisha kwake, na msimu wa klabu nao ukaishia hapo. Halafu Juni 2025 New York Islanders wakamchagua yeye wa kwanza kabisa, mbele ya makinda wote waliokuwepo mwaka huo.

Sasa jiulize, inakuwaje mtu acheze mechi moja na kipande kwenye mashindano makubwa hivyo, halafu awe namba moja? Hapo ndipo stori yote ilipo.

Kwanza mchezo wenyewe

Kwa wale ambao hawajawahi kuuona: kila timu ina watu sita uwanjani, kipa akiwemo, wote wamevaa viatu vyenye chuma chini cha kutelezea. Badala ya mpira wanagombania kisahani kigumu cheusi kwa magongo. Mechi ni vipindi vitatu vya dakika 20. Kasi yake ni kubwa mno, kwa hiyo mchezaji anakaa kwenye barafu kama sekunde 45 hivi, anatoka kupumua, mwingine anaruka kuingia. Hamna kusubiri mwamuzi asimamishe mchezo, mnabadilishana hukohuko mbio zikiendelea.

Mashindano ya vijana yalianza rasmi mwaka 1977. Siku hizi daraja la juu lina timu 10, na kwa kawaida yanaanza siku moja baada ya Krismasi hadi tarehe 5 Januari hivi. Ni siku kama 11 tu. Hiyo "siku 11" muishike, nitairudia.

Drafti, lakini siyo ya vizibo

Ligi kubwa ya huku inaitwa NHL, ina timu 32. Kinda hajichagulii klabu kama kwenye soka. Kila mwaka kunafanyika drafti (siyo ile ya vizibo vya soda kijiweni, jamani). Timu zinapokezana kutaja majina, raundi 7, kwa kawaida majina 224. Zilizofanya vibaya ndizo hutangulia, ila kwa nafasi za juu kabisa kuna bahati nasibu ili watu wasifungwe makusudi. Ukishatajwa, klabu hiyo ndiyo yenye haki na wewe ndani ya NHL.

Ili uingie lazima uwe umetimiza miaka 18 kufikia tarehe 15 Septemba ya mwaka huo. Schaefer alizaliwa tarehe 5 Septemba 2007. Angezaliwa siku 11 baadaye, angesubiri mwaka mzima. Maana yake ni kwamba alikuwa mmoja wa wadogo kabisa kwenye kundi lake, na pale Ottawa alikuwa na miaka 17 akikabana na majitu ya miaka 19. Kwa umri huo miezi kumi ni mingi sana: kuna dogo bado anarefuka, kuna mwingine ameshaota ndevu na mabega. Msaka vipaji asiyeangalia tarehe ya kuzaliwa atamchagua mwenye ndevu kila siku.

Na hapa wengi huwa hawajui: vijana wengi mnaowaona kwenye mashindano haya wameshachaguliwa tayari mwaka mmoja au miwili nyuma. Skauti anakuja kuangalia mali yake inaendeleaje, na pia kuwapima wale wachache wa miaka 17 mbele ya wakubwa. Huko kwenye ligi za vijana anakuwa ameshawaona mara nyingi, kwenye viwanja vidogo, baridi kali, watu mia tatu. Ndiyo maana mtulinga wa Schaefer haukuwatisha. Miezi michache kabla, mwaka huohuo wa 2024, alikuwa nahodha wa Kanada walipobeba kombe la Hlinka Gretzky, la vijana chini ya miaka 18. Daftari lilikuwa limeshajaa.

Wanaangalia nini sasa?

Nilikaa jukwaani siku kadhaa, na kwa kweli nilitumia muda mwingi kuwaangalia wao kuliko mechi. Unawatambua haraka: koti zito, karatasi ya majina mkononi, hawashangilii. Goli likiingia ukumbi mzima unasimama, wao wanaandika. Mara nyingi macho yao hayako hata kwenye kisahani. Yako kwa mtu mmoja, upande wa pili wa uwanja.

Kwa nini? Kwa sababu goli ni la watu wengi. Unaweza kufunga kwa kuwa mwenzako kakupa pasi tamu, au kisahani kimekugonga kiatuni kikaingia. Mambo mengine ni ya kwako mwenyewe, na utahama nayo kwenda ligi yoyote. Haya ndiyo makubwa:

Hatua tatu za mwanzo. Kasi ya mwisho siyo hoja sana. Je, akisimama anaweza kuondoka ghafla?

Kichwa. Kabla ya kupokea pasi, ameshaangalia nyuma ya bega lake kuona nani anakuja? Anayeangalia baada ya kupokea amechelewa, na huko NHL atapigwa mwereka.

Kazi bila kisahani. Timu ikipoteza, anarudi mbio au anarudi kama anatafuta daladala?

Baada ya kukosea. Mechi inayofuata haikusubiri. Aliyetoa pasi mbovu ikaleta goli, akiingia tena anacheza vipi? Wengine wanajificha, hawaombi tena kisahani.

Na juu ya yote hayo: anacheza dakika ngapi, na dhidi ya nani? Pasi mbili za goli dhidi ya timu dhaifu siyo sawa na dakika 20 za kuwakaba mastaa wa Uswidi.

Siku 11 zinavyoweza kudanganya

Turudi kwenye zile siku 11. Mwaka 2006 mashindano yalikuwa mkoa wa British Columbia, huko magharibi mwa Kanada. Klabu ya Toronto Maple Leafs ilikuwa na bahati ya ajabu: makipa wake wawili wa baadaye walikuwa pale. Justin Pogge alikuwa golini kwa Kanada, mechi tatu hakufungwa kabisa, ikiwemo fainali waliyoichapa Urusi 5-0. Tuukka Rask alikuwa golini kwa Ufini. Robo fainali dhidi ya Uswidi aliokoa mara 53, wakashinda 1-0 muda wa nyongeza. Ufini wakaishia na shaba, lakini kipa bora wa mashindano alikuwa Rask.

Juni 2006 Toronto wakafanya uamuzi. Wakampeleka Rask Boston, wakachukua kipa mwingine aitwaye Andrew Raycroft, na kwa siku za mbele wakabaki na Pogge, shujaa wa medali ya dhahabu. Mwisho wake? Pogge alicheza mechi 7 tu za NHL. Rask alikaa Boston maisha yake yote ya NHL, mwaka 2014 akapewa tuzo ya kipa bora wa ligi nzima.

Siwacheki Toronto, kwa sababu hesabu yenyewe ni ngumu. Chukua kipa wa kawaida anayeokoa 90 kati ya 100, na kipa hodari sana anayeokoa 93. Mechi sita, kila moja mashuti 25, jumla 150. Wa kawaida atafungwa 15, hodari atafungwa 10 au 11. Tofauti yao ni magoli manne au matano, na magoli manne yanaweza kutokana na kisahani kugonga mguu wa beki. Kwa mechi sita peke yake hakuna binadamu anayeweza kuwatenganisha. Inabidi uangalie anavyosimama, anavyosoma mchezo, na mabeki wake wanamlinda kiasi gani. Medali ni ya timu, lakini skauti amekuja kununua mtu.

Waliopitwa

Upande wa pili wa shilingi ni wale ambao hawakupewa uzito. Mfano wangu mzuri ni Johnny Oduya, na jina hilo Wakenya wataling'amua mara moja. Alizaliwa Stockholm mwaka 1981, baba yake ni Mjaluo kutoka Kenya. Drafti ya 2001 alitajwa raundi ya 7, namba 221, na Washington Capitals. Hakuwahi kuwachezea. Akabaki akipambana na ligi za Uswidi, akachukua ubingwa na Frölunda mwaka 2005, na NHL akaingia 2006 na New Jersey, umri miaka 25. Kilichofuata ni mechi zaidi ya 800 na kombe la Stanley mara mbili akiwa Chicago, 2013 na 2015.

Je, wasaka vipaji walikuwa vipofu? Sidhani. Kazi yao ni kubashiri mtu wa miaka 18 atakuwaje akiwa na 25, na mabeki na makipa huwa wanachelewa kuiva. Kinachoniuma mimi ni kwamba kijana mwenyewe analichukulia lile jina kutotajwa kama hukumu ya kifo. Wazazi wameuza vitu kumnunulia vifaa, kila alfajiri wamempeleka mazoezini, halafu siku moja ya Juni majina 224 yanaisha na lake halimo. Wengi huachia hapo. Hatutajua kamwe kati yao wangapi walikuwa akina Oduya.

Na kwa taarifa yenu, mchezo huu upo hata nyumbani. Nairobi kuna uwanja wa barafu kwenye hoteli ya Panari, mdogo kuliko wa kawaida, ndiko walikozaliwa Kenya Ice Lions. Septemba 2024 Kenya ikapokelewa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la dunia la hoki ya barafu.

Mkitaka kujaribu hii kazi hamhitaji barafu. Nendeni kwenye mechi ya UMISSETA au ndondo ya mtaani, chagueni mchezaji mmoja, mfuateni yeye tu kwa dakika kumi, mpira ukiwepo au usipokuwepo. Andikeni anachofanya. Halafu mlinganishe na yule ambaye jukwaa zima linamshangilia. Mkiona tofauti, njooni mtuambie hapo kwenye maoni mlimwona nani, na alifanya nini wakati hana mpira.