Aliyepimwa Kliniki Akiwa Mchanga, Leo Yuko Wapi?

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto aliyefikia umri wa shule ya msingi awe darasani. Sasa chukua kinamama wawili wa Butiama, mmoja aliyezaliwa 1960, mwingine 1970. Wa kwanza alipofikisha miaka 7, kuandikishwa darasa la kwanza kulikuwa bahati, hasa kwa mtoto wa kike. Wa pili alifikisha miaka 7 mwaka uleule Azimio la Musoma lilipowataka wote shuleni. Wapime presha wiki hii, waulize wamezaa wangapi na wangapi wamewazika. Majibu yatapishana. Je, kilichowatenganisha ni ile miaka 10 ya uzee au ni shule?

Upimaji wa siku moja hauwezi kujibu, hata ukipima mkoa mzima. Umri wa mtu, mambo ya nyakati alizopitia na rika alilozaliwa nalo vimefungwa fundo moja. Fundo hilo hulegea ukiwashika watu walewale, wa zaidi ya rika moja, tangu wanazaliwa, ukawarudia wakiwa na miaka 5, 15, 30, 50. Waingereza walianza Machi 1946 kwa watoto waliozaliwa ndani ya wiki moja. Kati yao 5,362 walichaguliwa kufuatwa, na ufuatiliaji huo umefika uzeeni. Dunedin, New Zealand, ina kundi la watu 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973, wanaopimwa mpaka leo. Afrika tunalo la kwetu: Soweto na Johannesburg, ambako watoto 3,273 waliozaliwa ndani ya majuma machache ya 1990, mwaka aliofunguliwa Mandela, sasa ni watu wazima wenye watoto wao.

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini kusubiri miaka 50? Si umkalishe mzee aliyepatwa na kiharusi, umuulize utoto wake ulikuwaje? Utamuuliza, na atakujibu, lakini hajui alizaliwa na kilo ngapi. Na wale waliokufa kwa ugonjwa huohuo wakiwa na miaka 40 hawamo kwenye foleni yako kabisa.

Jambo hilo la kilo ndilo lililomtoa jasho daktari wa Uingereza, David Barker. Huko Hertfordshire wakunga walikuwa wameandika kwenye madaftari uzito wa watoto tangu 1911. Barker na wenzake waliyafukua madaftari yale, wakafuatilia majina, wakakuta kwamba wanaume waliokuwa wepesi walipozaliwa na walipofikisha mwaka mmoja walikufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo. Maelezo yake hayajakamilika, ila sehemu moja inaeleweka vizuri. Figo huumba vichujio vyake vyote mtoto akiwa bado tumboni. Aliyezaliwa ametimiza miezi haongezi hata kimoja. Aliyekosa chakula cha kutosha tumboni huanza maisha na vichujio vichache, navyo hufanya kazi ya ziada miaka yote, na presha hupanda taratibu. Kwa watu wa pwani ya Ziwa Victoria, hili ni jambo la nyumbani: malaria ikijificha kwenye kondo la nyuma humnyima mtoto lishe. Ndiyo maana mjamzito hupewa kliniki vidonge vya SP vya kuzuia malaria hata kama hajisikii mgonjwa. Kinachofanyika siku ile Bunda huenda kikaonekana kwenye mashine ya presha miaka 45 baadaye, kama kutakuwa na mtu wa kuunganisha siku hizo mbili.

Tatizo letu liko hapo kwenye kuunganisha, kwa sababu kuanza tunaanza vizuri sana. Kila mama wa Musoma anaijua kadi ya kliniki: mtoto ananing'inizwa kwenye mzani, nesi anatia nukta, nukta zinaungwa kuwa mstari. Halafu mtoto anatimiza miaka 5, chanjo zimeisha, kadi inawekwa sandukuni pamoja na stakabadhi za michango, na mstari unakatika. Atakapoonekana tena na mpimaji huenda ni siku ameanguka.

Waliowahi kuonyesha kwamba mstari hauhitaji kukatika ni majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa. Kati ya 1991 na 1994, Kagera ikiwa imeumizwa na UKIMWI kuliko mikoa mingi, watafiti walizihoji kaya 915 katika jamii 51 ili kujua vifo vya watu wazima vinaziachaje familia. Mwaka 2004 walirudi, tena 2010. Uamuzi wao mkubwa, kwa maoni yangu wa maana kuliko dodoso lenyewe, ulikuwa kutoridhika na waliowakuta nyumbani. Kijana akiwa ameondoka, waliuliza ndugu na majirani, wakamfuata kijiji cha pili, Mwanza, Dar es Salaam, hata Uganda. Kaya zile 915 zilikuwa zimezaa nyingine hadi zikapita 2,700, kisha 3,300.

Walichokipata kisingeonekana kwa njia nyingine. Watoto 718 ambao hawakuwa yatima walipohojiwa mara ya kwanza waliangaliwa upya: waliofiwa na mama kabla ya miaka 15 walikuja kuwa wafupi kwa sentimita 2 na kupungukiwa mwaka mzima wa shule. Kwa upande wa kipato, waliohama walizidi ndugu zao waliobaki kwa pointi 36 za asilimia katika ukuaji wa matumizi. Mtafiti aliyebaki kijijini angesema Kagera imesogea kidogo tu. Waliosogea sana walishapanda meli.

Ukipanda basi Musoma kwenda Mwanza, ukapita Bunda, Lamadi na Magu, unafika Kisesa. Abiria wengi husinzia hapo. Tangu 1994 taasisi ya utafiti wa tiba, NIMR, imekuwa ikizihesabu kaya za kata hiyo duru baada ya duru: nani kazaliwa, nani kafa, nani kaolewa wapi. Mtoto aliyeandikwa duru ya kwanza ameshapita miaka 30.

Mkoa wetu wa Mara nao una somo lake. Kuanzia 1964 saratani ya taya ya watoto, ile ya Burkitt, ilifuatiliwa Mara Kaskazini, hospitali ya Shirati ikihusika. Mwaka 1977 hadi 1982 watoto waligawiwa klorokwini kuona kama malaria ikipungua saratani nayo itapungua. Ilipungua. Lakini madaftari ya nyuma yalionyesha kuwa ilianza kushuka kabla ya kidonge cha kwanza. Bila ile miaka 13 ya awali, sifa zote zingeenda kwa klorokwini.

Kumfuata mtu Mara kuna ugumu wake. Ita Mwita au Chacha mnadani, uone wanaogeuka ni wangapi. Vijana wanakwenda visiwani kwenye dagaa, wengine Buhemba kwenye dhahabu. Binti anaolewa na kubadili kijiji, pengine na jina. Lakini upo pia urahisi ambao Dunedin hawana: Mkurya au Mwikizu wa makamo anawajua walioingia naye tohara, nani yuko wapi, nani kafa. Mtafiti mwenye akili angeanzia kwa rika hilo kabla ya kwenda kwa mtendaji wa kijiji.

Linabaki swali linalotusumbua sisi wa fani hii ya kufuatilia watu. Ukimkuta mtu ana presha ya 180 huwezi kuandika namba ukaaga, utampeleka zahanati. Akitibiwa miaka 20 kwa sababu yako, haishi tena kama jirani yake ambaye hukumpima, na matokeo yako yanapinda. Mimi nasema yapinde. Pia aliyeandikishwa kwa ridhaa ya mama yake aulizwe mwenyewe akitimiza miaka 18, na akikataa aachwe.

Kwa sasa wakala wa usajili, RITA, inatoa vyeti vya kuzaliwa kwa watoto wa chini ya miaka 5 kupitia vituo vya afya na ofisi za kata. Namba ya cheti hicho ikiandikwa kwenye kadi ya kliniki na kwenye daftari linalobaki kituoni, pamoja na simu ya bibi wa mtoto, gharama yake ni wino. Bibi hahami ovyo.