Mkeka Mzuri Huanza Kabla ya Kusuka

Mkeka wa rangi unaotandikwa barazani Pemba, kiondo kinachobebwa sokoni Machakos na sweta anayovaa mtoto asubuhi ya baridi kule Njombe vyote hutegemea unyuzi ulioandaliwa vizuri. Watu wengi wanaotaka kujifunza kazi hizi nyumbani hukimbilia hatua ya mwisho, yaani kusuka na kufuma. Mafundi wanajua kwamba kazi hutengenea au huharibika mapema zaidi, pale jani linapoanikwa, uzi unapooshwa na rangi inapochemka.

Ukindu unaonyesha jambo hili waziwazi. Haya ni majani ya mkindu, mti wa jamii ya mtende unaoota mabondeni na kandokando ya maji. Hukatwa makuti machanga ambayo bado hayajafunguka, kwa kuwa ndiyo laini na ndiyo yanayokuwa meupe yakikauka. Mkataji mwangalifu hakikombi kilele chote. Huuacha mti uendelee kuchipua. Majani huanikwa juani mpaka ukijani utoke, kisha huchanwa kwa ukucha au kwa sindano yawe chane nyembamba zenye upana mmoja. Chane zikipishana upana, ukili hupinda, na mkeka hautalala vizuri sakafuni hata msukaji awe hodari vipi.

Ukili wenyewe ni msuko mrefu kama utepe. Msukaji hupitisha chane mshazari, moja juu moja chini, na kuunga nyingine kila moja inapokaribia kwisha. Kazi ikirefuka huikunja mviringo pembeni yake. Baadaye ukili hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka upana wa mkeka utimie. Kwa ufundi huohuo hupatikana mswala, kipepeo na kawa la kufunikia chakula. Miyaa, yaani majani ya mkoma, ni migumu zaidi, na hufaa kwa majamvi na vikapu vya mizigo.

Chane kavu hukatika. Ndiyo maana wasukaji huzinyunyizia maji, au huzifunga katika kitambaa chenye unyevu, kabla ya kuanza kusuka.

Rangi ndiyo hatua inayowavutia wengi, na ndiyo inayowaangusha. Siku hizi ukindu huchemshwa kwa rangi za unga zinazouzwa dukani, zao la safari iliyoanza London mwaka 1856, pale kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, alipopata rangi ya zambarau katika majaribio ya kemia. Kabla ya hapo wasukaji wa pwani walitegemea mimea: mdaa kwa rangi nyeusi, ungamo kwa manjano, mbegu za mzingefuri kwa nyekundu ya machungwa. Maarifa ya namna hiyo hayajafa barani. Huko Etsha, karibu na delta ya Okavango nchini Botswana, wanawake huchemsha mizizi ya mti wa jamii ya mdaa ili kupata kahawia ya vikapu vyao, na vikapu hivyo vinajulikana duniani kote.

Mtu anayetaka kujaribu rangi za mimea nyumbani anaweza kuanza na maganda makavu ya vitunguu maji. Uzi wa gramu 100 huoshwa kwanza kwa sabuni ili mafuta yatoke. Kisha hupashwa moto kwa muda wa saa moja katika maji yenye gramu kama 15 za shabu, ile inayouzwa kwa wauza dawa za asili. Kazi ya shabu ni kuishikiza rangi kwenye unyuzi. Bila hiyo, sehemu kubwa ya rangi huondoka na maji ya kufulia. Maganda yenye uzito sawa na uzi huchemshwa pembeni, maji yake huchujwa, na uzi hutumbukizwa humo kwa moto mdogo. Hutoka na rangi kati ya manjano na machungwa.

Sufu hupokea rangi kwa urahisi. Pamba na katani ni nyuzi za mimea, nazo huhitaji kulowekwa kwanza katika maji ya majani ya chai au maganda ya komamanga, kwa sababu ukakasi wa maji hayo huisaidia shabu kushika. Binzari ya manjano hupendeza siku ya kwanza lakini hupauka upesi juani. Sufuria ya chuma hutia rangi giza. Na sufuria iliyokwisha kutumika kwa rangi isirudi tena jikoni.

Kuna tahadhari moja zaidi. Uzi mwingi wa kufumia unaopatikana madukani ni wa akriliki, uliotengenezwa kiwandani, na rangi za mimea haziushiki. Kuutambua ni rahisi: kipande kifupi hushikwa kwa koleo na kuchomwa juu ya sahani ya bati. Pamba hunuka karatasi iliyoungua, sufu hunuka nywele zilizoungua, na akriliki huyeyuka na kuacha donge gumu.

Katani nayo ina historia yake. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge, mmea unaotoa katani, kutoka Florida hadi pwani ya Tanga, na ni miche 62 tu iliyosalimika. Kutokana na hiyo yalikua mashamba makubwa ya mkonge, na unyuzi wake ukaingia katika viondo vya Ukambani na Ugikuyu, ambako awali wanawake walitumia magome ya vichaka na ya mbuyu. Nyuzi husokotwa pajani kwa kiganja. Kiondo huanzia kitakoni: nyuzi za kusimama hutawanywa kutoka katikati, kisha nyuzi mbili huzizunguka zikijipinda baina yake, duara baada ya duara. Hakihitaji kitanda cha mfumi, hivyo mwanamke huweza kukisuka hata akiwa njiani.

Kufuma sweta kwa sindano mbili ni kazi ya aina nyingine. Uzi ni mmoja tu, nao hukunjwa kuwa vitanzi, kila kimoja kikipita ndani ya mwenzake. Ndiyo maana sweta hunyumbuka, na ndiyo maana kitanzi kimoja kikiponyoka huvuta vingine. Hapa pia maandalizi ndiyo huamua. Fundi hufuma kwanza kipande cha majaribio, hukifua, hukikausha, kisha huhesabu vitanzi katika sentimita 10. Vikiwa 20, sweta ya mzunguko wa sentimita 60 inahitaji vitanzi 120. Vikiwa 22, vitanzi hivyohivyo 120 vitatoa sweta ya mzunguko usiofika sentimita 55, nayo itambana mtoto.

Anayetaka kuanza achague unyuzi ulio karibu naye: ukindu au miyaa kwa wa pwani, katani kwa wa bara, uzi na sindano kwa wa mjini. Amtafute bibi au shangazi anayejua kazi, na aende kwake siku ya kuchana chane, asingoje siku ya kushona mkeka. Na mnunuzi anayetaka kupunguziwa bei sokoni ahesabu pia siku za kukata, kuanika, kuchana na kutia rangi. Nazo ni kazi, na zinastahili kulipwa.