Kidonge cha Homoni Moja: Dada, Chagua Saa Yako Kabla ya Ramadhani

Leo tuzungumzie vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni moja tu, yaani projestini. Hapa Oman hili si jambo la kuonea haya. Wizara ya Afya ilianza mpango wake wa kuacha nafasi kati ya mtoto na mtoto mwaka 1994. Lakini kidonge hiki kina sharti moja kubwa, nalo ni saa.

KINAFANYA KAZI VIPI?

Projestini huufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito ili mbegu za mwanamume zisipite. Aina yenye desogestreli huzuia pia yai lisitoke. Kwa kuwa hakina estrojeni, kinamfaa mama anayenyonyesha na hakimdhuru mtoto. Unameza kimoja kila siku bila wiki ya kupumzika; pakiti ikiisha, kesho yake unaanza nyingine.

ANGALIA PAKITI YAKO

Wengine huleta vidonge kutoka nyumbani, kisha hapa Muscat wakapewa vya aina nyingine. Havifanani! Vya levonojestreli (kama Microlut) ukichelewa zaidi ya saa 3, kinga imekatika. Vya desogestreli (kama Cerazette) vinakuvumilia hadi saa 12. Muulize mfamasia vyako ni vya aina gani.

Tahadhari nyingine: vidonge vya noretisteroni vya miligramu 5, ambavyo wengine humeza kuchelewesha hedhi wakati wa Umra, SI kinga ya mimba.

RAMADHANI INAPOINGIA

Tuseme umezoea kumeza saa 2 asubuhi baada ya chai. Mfungo ukianza, unahamia kwenye futari, saa 12 na nusu jioni. Siku hiyo umechelewa zaidi ya saa 10! Au umehamia daku, saa 10 alfajiri. Kuwahi hakudhuru, lakini siku ya Idd ukirudi saa 2 asubuhi, umechelewa saa 4. Kwa kidonge cha saa 3, hapo ndipo mimba inapopita.

Dawa yake ni kuchagua saa ya usiku mwaka mzima, kwa mfano saa 4 usiku, baada ya tarawehe. Weka kengele ya simu. Ukienda Zanzibar, Dar au Mombasa, kumbuka huko wako nyuma yetu kwa saa 1, hivyo meza saa 3 usiku. London wako nyuma kwa saa 3 au 4 kutegemea msimu, kwa hiyo fanya hesabu kabla ya safari. Na usiache pakiti ndani ya gari, joto letu la kiangazi huharibu dawa.

UKISAHAU JE?

Meza mara tu unapokumbuka, kinachofuata umeze kwa saa yake hata kama ni viwili siku moja, na mume atumie kondomu kwa siku 2. Ukitapika ndani ya saa 2 baada ya kumeza, meza kingine. Kama mmekutana bila kinga, mwone daktari mapema, usisubiri hedhi.

DAMU ISIYO NA MPANGILIO

Hili ndilo linalowafanya wengi waache. Hedhi inaweza kuruka, au matone yakatoka katikati ya mwezi. Mara nyingi si ugonjwa, wala kidonge hakileti ugumba. Ukiacha, uwezo wa kuzaa hurudi upesi. Kuhusu swala na funga, muulize mwenye elimu ya dini, lakini usiache kidonge kimyakimya ukabaki bila kinga.

MWAMBIE DAKTARI

Mweleze kama umewahi kupata saratani ya matiti, una ugonjwa wa ini, unatokwa damu isiyojulikana sababu, au unatumia dawa za kifua kikuu, kifafa au VVU. Baadhi hupunguza nguvu ya kidonge. Maumivu makali chini ya tumbo ni ya kukimbilia hospitali, kwani mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi.

Basi dada, leo usiku itoe pakiti, soma jina la dawa, na uiwekee saa yake. Wassalaam.