Joyita: Meli isiyozama iliyopoteza watu 25

NI nadra chombo kunusurika baharini huku kila aliyekiabiri akitoweka. Ndivyo ilivyokuwa kwa Joyita, meli ndogo ya mizigo iliyopotea katika Bahari ya Pasifiki mwaka wa 1955.

Meli hiyo ya mbao, yenye urefu wa mita 21, iliundwa Los Angeles, Marekani, mwaka wa 1931 ili kumstarehesha mwelekezi wa filamu, Roland West. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia ilipiga doria Hawaii. Baada ya vita, ilipogeuzwa kuwa ya kibiashara, tumbo lake lilipigwa koki, ile inayotengenezewa vizibo vya chupa, ili kuhifadhi baridi. Koki huelea, hivyo haikuwa rahisi meli hiyo kuzama hata ikijaa maji.

Oktoba 3, 1955, iling'oa nanga Apia, Samoa, kuelekea visiwa vya Tokelau, umbali wa kilomita 430 hivi. Ilibeba mabaharia 16 na abiria tisa, akiwemo daktari na watoto wawili, pamoja na dawa, chakula na mapipa matupu. Injini moja tu ndiyo iliyoiendesha.

Haikufika. Ndege za New Zealand ziliitafuta kwa takriban wiki moja bila mafanikio. Novemba 10, meli nyingine iliikuta ikielea upande karibu na Fiji, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka njia yake. Hapakuwa na mtu. Mashua yake na vyelezo vitatu vya kujiokoa pia havikuwemo.

Uchunguzi ulibaini kuwa bomba la kupoza injini lilikuwa limeoza na kupasuka, likamwaga maji ndani. Pampu za kuyatoa zilikuwa zimezibwa na takataka. Redio iliachwa kwenye masafa ya dharura, lakini waya wake ulikuwa umekatika, na mkato huo kufichwa na rangi. Hivyo mawimbi yake hayangeweza kuvuka kilomita tatu.

Tume iliyoketi Apia mwaka wa 1956 ilisema meli hiyo haikuwa imetunzwa ipasavyo, ila haikuweza kueleza yaliyowapata waliokuwemo. Miili yao haikupatikana kamwe. Yamkini waliikimbia meli wakidhani inazama, ilhali usalama wao ulikuwa kubakia humo humo.