Umenunua Ekari Mbili: Je, Bodi ya Ardhi Imekubali?

Ndugu mkulima, ikiwa umenunua shamba kwa jirani yako katika skimu, au wewe mwenyewe umemwuzia mtu kipande, angalia sana jambo hili la ruhusa ya Bodi ya Ardhi, maana limewapeleka watu wengi kortini. Karatasi mliyotia sahihi mbele ya wazee ni kitu chema, lakini karatasi hiyo peke yake haihamishi shamba.

Sheria ya Kusimamia Ardhi ilianza kutumika tarehe 12 Disemba 1967. Kifungu cha 6 chasema kwamba kuuza shamba la kilimo, kulikodisha, kuliweka rehani, kulibadilisha au kuligawanya bila ruhusa ya Bodi ni batili. Yaani ni kama hamkupatana kamwe. Kifungu cha 8 chataka ombi lipelekwe kwa Bodi kabla ya miezi 6 kwisha. Hesabu huanza siku ile ya mapatano, wala si siku ya kumaliza kulipa. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mtu hulipa kidogo kidogo, mavuno kwa mavuno, na akifikia shilingi ya mwisho miaka miwili imekwisha pita.

Wako watu katika skimu wanaodhani sheria hii haiwahusu. Sababu naijua. Shamba lilipotoka kwa Wadhamini wa Hazina ya Makazi halikuhitaji ruhusa ya Bodi, kwa kuwa sheria yenyewe iliwatoa Wadhamini hao. Lakini wewe ukimwuzia jirani, hayo ni mapatano yenu wawili, na Bodi lazima iulizwe. Na kama deni la makazi halijalipwa lote, litazameni hilo kwanza.

Sasa tuseme umenunua ekari 2. Umelipa zote, umejenga, umepanda chai, na watoto wako wamezaliwa papo hapo. Bei ya ardhi imepanda. Mwenye kuuza, au mwanawe, anakuja na wakili kukuambia: hapakuwa na ruhusa, chukua pesa zako uondoke. Ukisoma maneno ya sheria, ana hoja. Kifungu cha 7 chakupa haki ya kudai ulicholipa kama deni, lakini pesa za miaka 15 iliyopita zitanunua nini leo? Tena kifungu cha 22 chafanya kuwa ni kosa kulipa au kupokea pesa, au kukaa shambani, kwa kuendeleza mapatano yaliyo batili.

Majaji wenyewe hawakuwa na sauti moja. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ilisikiliza kesi ya wanunuzi wengi walioingizwa shambani na mtu aliyepokea pesa zao. Ikaamua kwamba mtu huyo amekuwa kama mdhamini anayewashikia wao ardhi, wala hawezi kuwafukuza kwa sababu ya ruhusa ambayo hakuiomba. Mwaka huo huo majaji wengine wa mahakama hiyo hiyo wakasema kinyume: Bunge limesema batili, na batili ni batili. Mwaka 2018 jambo likarudi tena mbele yao, nao wakaufuata uamuzi ule wa kwanza, wakitegemea Katiba ya 2010, ambayo imeweka haki sawa kati ya maadili ya taifa.

Mimi naona uamuzi wa 2018 ni wa haki. Si vizuri mtu ale pesa za mwenzake, amtazame akilima miaka mingi, kisha ajifiche nyuma ya sheria. Lakini siku hizi husikika sokoni kwamba Bodi si kitu tena. Huko ni kujidanganya. Korti hutazama kama umelipa, kama umeingia shambani, na kama mwenye kuuza ndiye aliyekuingiza. Aliyelipa nusu na hajashika jembe pale, huenda akapata pesa zake tu. Na hata anayeshinda hulipa wakili na kungoja miaka.

Ukichelewa, usikae kimya. Korti yaweza kuongeza muda ukiwa na sababu ya kutosha. Kwa shamba la urithi ruhusa haihitajiwi, isipokuwa ligawanywe kuwa na hati mbili au zaidi.

Jueni pia kwamba Bodi yaweza kukataa. Yaweza kukataa ikiona mnunuzi hatalima vizuri, au bei inamdhulumu mmoja wenu. Mkikataliwa, iko Bodi ya Rufani.

Siku ya Bodi nendeni wote wawili, mwenye kuuza na mnunuzi, pamoja na hati ya shamba na vitambulisho. Mwenye kuuza aende na mkewe au mumewe, kwa sababu Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 hairuhusu mali ya ndoa iuzwe bila mwenziwe kukubali. Mkipewa barua ya ruhusa, soma namba ya shamba na idadi ya ekari kabla hujatoka ofisini.