Nywila au Neno la Siri?

Mfasiri wa maelekezo ya kompyuta anazo istilahi mbili za ufunguo wa mtumiaji: "nywila" na "neno la siri". Zote zatumika, lakini hazimfai msomaji sawasawa. Katika Daraja Mbili, Arusha, mteja wa wakala wa fedha za simu, hata asiyewahi kugusa kompyuta, aijua "namba ya siri", istilahi iliyoenea pamoja na huduma hizo zilizoanza nchini mwaka 2008. Tapeli akiiulizia, jina lenyewe humwonya mteja. Akiulizia "nywila", neno halimshtui, aweza kuitaja. Hivyo, katika matangazo ya umma twapendekeza "neno la siri". "Nywila" na ibaki vitabuni, ikifafanuliwa itajwapo mara ya kwanza.